Gari la volti 6 lililohamishiwa 12: wipa, redio na honi za zamani uzifanyeje?

*Shikamoo mzee. Niko Iringa. Marehemu baba aliniachia Volkswagen Beetle ya mwaka 1964, iliyokuwa ya volti 6. Betri za volti 6 zilipoanza kuadimika, mwaka jana fundi alinihamishia kwenda volti 12. Alibadilisha dainamo, katauti (kile kidhibiti cha chaji), koili, flasha na balbu zote, akaweka betri ya N50. Stata, wipa, honi na redio ya Blaupunkt zimebaki zilezile za zamani, maana nilimwambia sitaki gari la baba lipoteze sura yake. Sasa wipa zinakimbia mno, na juzi mvua ilipokolea nilisikia harufu ya kuungua chini ya dashibodi. Redio sijathubutu kuiwasha. Fundi mmoja anasema niweke rezista moja kubwa ya kushusha umeme wa vitu vyote hivyo. Mwingine anasema nitoe betri hii, nifunge mbili za volti 6 kwa mfululizo, vitu vya zamani vichukue umeme kwenye betri moja tu. Wa tatu anasema niache, kila kifaa huchukua umeme kinaouhitaji. Halafu, sijui kama inahusiana, asubuhi gari linazimikazimika dakika za mwanzo, zamani halikuwa hivyo. Nimsikilize nani?*

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kulitunza gari la mzee. Unachouliza ni hiki: vifaa vilivyotengenezwa kwa volti 6 vitaishije ndani ya gari la volti 12 bila kuungua, na bila gari kugeuzwa kitu kingine? Jibu lipo, lakini hakuna dawa moja ya vyote vinne. Mafundi wako wote watatu wamekosea kwa sababu hiyohiyo, kila mmoja anatafuta jibu moja la gari zima.

Kabla ya hapo, mambo mawili ya leo leo. Kwanza, usiwashe tena wipa mpaka tumalize mazungumzo haya. Harufu uliyoisikia ni ya vanishi ya nyaya za ndani ya mota, au ya swichi, na vyote viwili havitoi onyo mara nyingi. Pili, nyanyua kiti cha nyuma uangalie betri. Kwenye Beetle betri inakaa chini ya kiti hicho, na kiti kina springi za chuma na matandiko ya nyuzi kavu zinazoshika moto upesi. N50 mara nyingi ni ndefu kwenda juu kuliko betri iliyotoka na gari. Watu wazima wawili wakikaa nyuma, springi inashuka, inagusa kichwa cha chanya, na hapo ni shoti ambayo hakuna fyuzi ya kuikata. Magari ya aina hii yameteketea kwa njia hiyo. Mwombe mtu akae nyuma ajisukume chini kwa nguvu, kisha utazame kama kuna alama ya springi juu ya betri. Alama iwepo isiwepo, weka kifuniko kisichopitisha umeme juu ya vichwa vya betri, na betri ifungwe kwa mkanda isicheze. Kama nafasi ni finyu, tafuta betri fupi zaidi.

Sasa tuje kwa fundi wa tatu, yule wa "kila kifaa huchukua kinaouhitaji". Ana nusu ya ukweli. Ukubwa wa betri kwa ampea haukiumizi kifaa. Hata ukiweka betri ya lori, balbu itachukua ampea zake tu, ilimradi volti ni zile zile. Lakini volti hazichaguliwi na kifaa. Ni kama simtanki: ukipanua tangi, presha ya bombani haibadiliki, ila ukilipandisha mnara mara mbili, bomba lile lile litatoa maji kwa nguvu usiyoitarajia. Wewe umepandisha mnara. Na si kutoka 6 kwenda 12 hasa. Injini ikiunguruma, gari la volti 6 lilikuwa na kama volti 7, na hili lako sasa lina kama 14. Kifaa chenye ukinzani usiobadilika, kikipewa volti mara mbili, kinavuta ampea mara mbili, na joto lake linakuwa mara nne. Cha wati 20 kinakula wati 80 ndani ya ganda lile lile dogo. Mota na balbu hazifuati hesabu hii kwa usahihi kamili, lakini mwelekeo ni huo huo.

Fundi wa pili ana wazo ambalo dereva yeyote wa Fuso au Scania atalitambua. Malori yana volti 24 kutoka betri mbili za 12, na ni kawaida kukuta redio ya gari dogo imeunganishwa kwenye betri moja tu. Inafanya kazi, ndiyo maana watu wanaendelea. Lakini muulize dereva huyo ni betri gani hufa mapema. Dainamo inatazama jumla ya volti za betri zote mbili, haijui nani kala nini. Ile inayolisha redio inabaki na njaa kila siku, sahani zake zinaanza kujenga salfeti. Ile nyingine, iliyoshiba, inaendelea kusukumiwa chaji ili jumla itimie, inachemka na kumaliza maji. Ndiyo sababu waangalifu hufunga konveta ya 24 kwenda 12 badala ya kuchukua katikati. Zaidi ya hapo, wewe umehama kwa sababu betri za volti 6 hazipatikani. Sasa unashauriwa ununue mbili.

Nibakie kwa fundi wa kwanza na rezista yake, maana hapo ndipo penye somo.

Rezista haishushi volti kwa kiwango maalumu. Inashusha kulingana na ampea zinazopita ndani yake wakati huo. Tuseme wipa inavuta ampea 3 na redio 2, jumla 5. Unataka volti 14 ziwe 7, kwa hiyo unahitaji rezista ya omu 1.4. Vikiwa vimewashwa vyote viwili, mambo ni mazuri. Mvua ikakatika, ukazima wipa. Sasa redio peke yake ndiyo inavuta, rezista haina mzigo wa kutosha, na redio inajikuta na volti 10. Ilikuwa na 7 sekunde moja iliyopita. Hivi ndivyo redio za zamani zinavyouawa na watu wenye nia njema. Kwa hiyo rezista moja kwa vifaa vingi, hapana. Rezista inaruhusiwa pale tu ambapo kifaa ni kimoja na mwendo wa ampea zake hauyumbi.

Na wipa mwendo wake unayumba kuliko kifaa chochote ndani ya gari. Chukua wipa peke yake na rezista yake, omu 2.3 kwa ampea 3. Kioo kikiwa kimelowa vizuri, mpira unateleza, ampea zinapungua, rezista inashusha kidogo, wipa inakimbia. Mvua ikipungua na kioo kikaanza kukauka, mpira unang'ang'ania, mota inahitaji nguvu zaidi, inavuta ampea zaidi, na hapo hapo rezista inaibana zaidi. Mota ambayo kwenye mfumo wake wa asili ingevuta ampea 10 wakati wa kuanza kuzunguka, sasa inapata chini ya 5. Nguvu ya kuanzia imekatika zaidi ya nusu. Wipa zinasimama katikati ya kioo, mota imekwama na umeme unapita, na rezista yenyewe, iliyokuwa ikitoa wati 20 na ushee za joto kwa kazi ya kawaida, sasa inatoa karibu 50. Watu hufunga rezista hizi na zinafanya kazi miaka. Sizilaani. Ila iwe ya wati nyingi kuliko hesabu inavyodai, ifungwe kwenye chuma tupu mbali na nyaya na makaratasi, na ujue tabia yake.

Konveta ya kisasa, ile inayokata umeme mara maelfu kwa sekunde na kutoa volti zilizopangwa, haina tabia hiyo. Inatoa volti 6.5 au 7 iwe mota inavuta ampea 1 au 8. Kasoro yake ni kwamba zile za bei rahisi huandikwa ampea ambazo hazizimudu kwa muda mrefu, na mota wakati wa kuanza huvuta mara tatu ya kawaida, hivyo konveta inajikata na wipa inatingishika bila kuondoka. Kwa wipa usichukue iliyo chini ya ampea 15 kwenye lebo.

Kuna njia ya tatu, na kwa gari lako ndiyo ningeichagua mimi: mota ya wipa isukwe upya kwa volti 12. Mafundi wa kusuka mota hatuna upungufu nao, wale wanaosuka mota za pampu na za mashine za kusaga. Kanuni yake ni nyepesi, mizunguko mara mbili ya waya wenye unene nusu kwa eneo la mkato, nafasi ndani ya amecha, yaani kile kipande kinachozunguka ndani ya mota, inabaki ile ile. Kama mota ina koili za nje pia, nazo zisukwe. Ganda, mkono na bandiko la kiwanda vinabaki vya 1964, hakuna atakayejua. Na kwa kuwa umeshasikia harufu, inawezekana mota inahitaji kufunguliwa hata hivyo. Wipa ni kifaa cha usalama. Usiiache itegemee kiboksi kilichoning'inizwa nyuma ya dashibodi kama kuna njia nyingine.

Ukiamua konveta au rezista pamoja na ushauri huo, zingatia hili ambalo huwapiga chenga mafundi wengi. Mota ya wipa ina njia mbili za moto. Moja inatoka kwenye swichi, nyingine inabaki na umeme hata ukishazima swichi, ndiyo inayorudisha wipa chini mahali pake. Kwa namba za Kijerumani za DIN 72552 ambazo utaziona zimegongwa kwenye vifaa vyako, njia hizo ni 53 na 53a. Namba 30 ni moto wa moja kwa moja toka betri, 15 ni moto baada ya funguo, 31 ni bodi, yaani chuma cha gari. Kishusha umeme kikae kabla ya 53 na 53a zote mbili. Kikikaa kwenye moja, wipa itatembea taratibu ukiwa umeiwasha, kisha ukizima inakimbia kwa volti 14 kwenda kulala.

Nije kwenye lile uliloliandika mwishoni, la gari kuzimika asubuhi. Linahusiana, nina shaka kubwa. Ukisoma orodha yako ya vilivyobadilishwa, choki haimo. Kabureta ya Solex ya gari lako ina choki ya kujiendesha, na ndani ya kile kikombe cha duara kilichofungwa kwa skrubu tatu kuna kipande kinachopashwa moto na umeme. Injini ikiwa baridi kimlango cha hewa kinafungwa, kipande kinapata joto polepole, kimlango kinafunguka kadiri injini inavyopata moto. Kipande cha volti 6 kikipewa 12 kinapata joto haraka kupita kiasi. Kimlango kinafunguka injini ikiwa bado baridi, mafuta yanakuwa hafifu, gari linazimika. Dar es Salaam usingeona tofauti sana. Kwa baridi ya Iringa ya mwezi wa saba, lazima uone.

Pima hivi. Injini ikiwa imelala usiku kucha, toa kisafisha hewa, kanyaga pedali ya mafuta mara moja, tazama kimlango kikifunga. Fungua funguo bila kuwasha injini, uhesabu muda. Kinatakiwa kisogee taratibu, dakika mbili tatu mpaka kifunguke. Kikiwahi kabla ya dakika moja, umempata mchawi. Usiache funguo imefunguliwa zaidi ya hapo, koili inapata moto bure. Kipande cha volti 12 kinauzwa peke yake na kinaingia mahali pale pale. Ukiwa hapo tazama kama ubavuni mwa kabureta kuna vali ndogo ya umeme, ile inayofunga mafuta unapozima injini. Nayo ikiwa ya volti 6 itababuka kwa joto, na siku ikifa gari halitakubali kukaa bila kukanyagwa mafuta.

Redio sasa. Umefanya vema kutoiwasha. Itoe kwanza uiangalie mgongoni na ubavuni, kwa sababu redio nyingi za Kijerumani za miaka ile zilitengenezwa kwa masoko ya magari ya volti 6 na 12 kwa pamoja, zikiwa na plagi ndogo au kibao cha kugeuza kati ya 6 na 12. Ukikuta kimoja, kigeuze, badilisha balbu ya kioo cha mbele na fyuzi yake, umemaliza bila konveta yoyote. Kama ni ya 6 tu, basi hapa konveta ndiyo mahali pake, kwa sababu redio inavuta ampea chache na hazirukiruki sana. Iwe imefunikwa na ganda la chuma lililoungwa kwenye bodi, ikae mbali na waya wa antena, na uwe na filta kwenye njia ya kuingia na ya kutoka. Bila hivyo utasikia mluzi tu, maana kelele za konveta huangukia humo humo kwenye masafa ya kati ambayo redio hiyo inayasikiliza. Ipange volti zake kwa mita kabla ya kuunga redio, na uijaribu kwanza kwa balbu ya volti 6. Hata hivyo redio iliyokaa kimya miaka mingi isiunganishwe moja kwa moja, hata kwa volti sahihi. Kapasita zake zimekauka. Ipeleke kwa fundi redio mzee, wa zile zenye valvu kama yupo, azipime kwanza.

Honi inavumilia. Kwa volti 12 italia kwa ukali zaidi, na kwa kuwa unaipiga sekunde moja moja haipati muda wa kuungua. Kinachochoka ni platini zake, zile ncha zinazokata na kuunga umeme. Ukitaka amani, funga honi ya volti 12 mahali pasipoonekana na uiache ya zamani pale ilipo. Kumbuka kwamba kwenye gari hili kitufe cha usukani kinakata upande wa bodi, si upande wa moto, hivyo honi ina umeme muda wote funguo ikiwa wazi.

Stata iache. Stata ya volti 6 kwenye 12 inazungusha injini kwa furaha, na wengi wanaendesha hivyo miaka na miaka. Usiishikilie zaidi ya sekunde chache, na usipige tena kabla injini haijasimama kabisa, kwa sababu gia yake inagonga meno ya flaiwili kwa nguvu isiyo ya kwao. Usinunue stata ya volti 12 kwa pupa. Flaiwili ya gari la volti 6 ina meno 109, ya volti 12 ina 130, haviingiliani bila kazi kubwa. Geji ya mafuta usiiwazie kabisa. Kwa mwaka wa gari lako inaendeshwa kwa kebo toka kwenye tangi, haijui umeme ni nini.

Nyaya je? Utaambiwa zote zibadilishwe. Kwa sababu ya volti peke yake, hapana. Taa ya wati zile zile kwenye volti 12 inavuta nusu ya ampea za awali, kwa hiyo nyaya za zamani ni nene kuliko inavyohitajika sasa. Badilisha zile ambazo ganda lake limekauka na kupasuka, na kwa gari la miaka hiyo zitakuwepo. Fyuzi usipandishe. Nyeupe ni ya ampea 8, nyekundu ya 16, na ukikuta fundi kazungushia karatasi ya sigara, iondoe siku hiyo hiyo. Kila konveta au rezista utakayofunga iwe na fyuzi yake karibu na inapochukulia umeme, ichukue kwenye njia ya 15 ili ife ukitoa funguo, na isikae chini ya kiti pamoja na betri, ambako kuna gesi ya kuchaji.

Kwa wengine mnaosoma hili na mna Morris Minor au Land Rover za zamani: baadhi yake zilitoka kiwandani chanya ikiwa kwenye bodi. Volkswagen ni hasi kwenye bodi. Konveta ya kawaida iliyofungwa kinyume inakufa papo hapo, kwa hiyo pimeni kabla.

Kuna mambo ambayo siwezi kuyamaliza kwa maandishi. Kama fyuzi ile ile inaungua mara kwa mara, kama swichi ya wipa au ya taa ni ya moto ukiigusa, au kama waya wowote umelainika, toa waya wa hasi kwenye betri na umwite fundi umeme wa magari aje gari lilipo, usiliendeshe kwenda kwake. Chagua mwenye mita na anayeitumia, si wa kugusisha waya kwenye bodi aone cheche. Aanze kwa kupima betri injini ikiwa imezimwa, inatakiwa kama volti 12.6, kisha injini ikiwa kwenye mwendo wa barabarani, kati ya 13.8 na 14.4. Ikizidi 14.8, katauti haijapangwa sawa, na hapo urudi kwa aliyeifunga kabla hujanunua konveta, kipande cha choki wala kusuka mota.